Canon R10 au R50: jinsi ya kuzipima kabla ya kuamua

Ukisoma sifa za Canon EOS R10, iliyotoka 2022, kisha za EOS R50, iliyotoka 2023, unaweza kudhani unasoma kamera moja mara mbili. Zote hazina kioo ndani, zote zina sensa (kipande kinachonasa mwanga) ya ukubwa wa APS-C yenye megapikseli 24.2, kichakataji cha DIGIC X na mfumo wa fokasi wa Dual Pixel CMOS AF II unaotambua watu, wanyama na magari. Betri ni ileile, LP-E17. Mdomo wa lenzi ni uleule wa RF. Kitundu cha kuchungulia kina nukta milioni 2.36 kwa zote mbili. Hata mapungufu zimegawana: hakuna yenye kidhibiti mtikisiko ndani ya bodi, hakuna iliyozibwa dhidi ya mvua na vumbi, na zote zina tundu la maikrofoni lakini hazina la hedifoni.

Kwa hiyo anza kwa kufuta. Chochote kinachofanana hakikusaidii kuchagua, na ubora wa picha ndio wa kwanza kufutwa. Ukiona picha ya R10 imetoka safi kuliko ya R50, kilichotofautiana ni lenzi, mwanga au mpangilio. Kuzikuza picha za mfano hadi asilimia 100 ni kupoteza usiku. Yanayobaki ni mambo matano: mikono, shata (pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye sensa), kadi, flashi na video. Nusu saa ukiwa na kamera zote mbili inatosha kuyapima.

Beba lenzi moja ya RF 50mm f/1.8 na kadi moja ya SD ya aina ya UHS-II (ina safu mbili za pini mgongoni, ya kawaida ina moja). Rudisha mipangilio ya kamera zote mbili kama zilivyotoka kiwandani, kwa sababu kamera ya maonyesho huwa imechezewa na kila aliyeishika. Funga ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) kwenye namba moja, mfano 400. Ukiiacha otomatiki utakuwa unalinganisha maamuzi ya programu, si kamera.

Mikono

R50 ikiwa na betri na kadi ina gramu 375, R10 ina 429. Gramu 54 hazimchoshi mtu. Unachotakiwa kuangalia ni kidole kidogo: kwenye R50 mara nyingi hukosa pa kushika na kubaki kinaning'inia chini ya bodi, ilhali mshikio wa R10 umeingia ndani zaidi. Ukifunga lenzi fupi hutalijali hilo. Funga lenzi ndefu kama RF 100-400mm, shikilia dakika tano, utalijali.

Kisha geuza kamera iwe kwenye M (unaweka kila kitu mwenyewe), weka jicho kwenye kitundu, na ujipe kazi hii: badilisha spidi ya shata kutoka 1/250 hadi 1/1000 na tundu la lenzi kutoka f/1.8 hadi f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana) bila kuondoa jicho. Rudia mara kumi. R10 ina magurudumu mawili, moja la kidole cha shahada na moja la dole gumba, hivyo kila badiliko lina kidole chake. R50 ina gurudumu moja tu. Inabidi ubonyeze kitufe ili gurudumu hilohilo libadilishe kazi. Mara tatu za mwanzo hutaona shida. Kufikia ya nane utaanza kusahau gurudumu liko upande gani, na hapo ndipo picha za harusi hupotea.

Ipo njia ya kulipunguza tatizo: lenzi nyingi za RF zina pete inayoweza kupangiwa kazi ya kubadilisha tundu. Ipange hivyo na R50 itapata gurudumu la pili la bandia. Gharama yake ni kwamba kwenye lenzi ndogo pete hiyo ndiyo pia ya fokasi ya mkono, kwa hiyo unapata kimoja unapoteza kingine.

Na kama ukweli ni kwamba utapiga kwa otomatiki au kwa Av, ukibadilisha tundu tu na kuiachia kamera mengine, kipimo hiki hakikuhusu. Kiruke bila aibu.

Kwenye fokasi, R10 ina kijiti cha kusogezea kiboksi cha fokasi. R50 haina, unaburuta kidole kwenye skrini huku ukichungulia. Inafanya kazi vizuri, ila wanaochungulia kwa jicho la kushoto hukuta pua inagusa skrini na kiboksi kinakimbilia pembeni. Nenda kwenye menyu, weka eneo la mguso liwe ile sehemu ya skrini ambayo pua yako haiifikii, kisha ujaribu tena kabla hujailaumu kamera.

Shata

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na wanunuzi wengi huipita kwa sababu kwenye orodha ya sifa ni mstari mmoja tu.

Shata ya kawaida ina mapazia mawili. La kwanza linafungua njia ya mwanga, la pili linaifunga. Spidi ikiwa kubwa, la pili huanza kushuka kabla la kwanza halijamaliza, kwa hiyo kinachopita juu ya sensa ni mwanya mwembamba. R10 ina mapazia yote mawili ya chuma. R50 ina la pili tu. Kazi ya la kwanza hufanywa na sensa yenyewe kwa umeme, mstari baada ya mstari.

Mara nyingi hilo halina madhara, tena kamera hutulia zaidi. Shida huja vitu viwili vikikutana: tundu lililofunguliwa sana na spidi kubwa. Pazia la chuma limekaa mbele kidogo ya sensa, wakati pazia la umeme liko kwenye sensa yenyewe. Mwanya ukiwa mwembamba, tofauti hiyo ndogo ya umbali inatosha kukata sehemu ya mwanga unaoingia kwa pembe. Matokeo yake ni kwamba vile viduara laini vya mwanga nyuma ya mtu hukatwa upande mmoja, na ukungu wa nyuma hukosa ule ulaini ulioununulia lenzi ya f/1.8.

Pima hivi. Tafuta taa ndogo au majani yanayometa juani, mbali nyuma ya kitu ulichokiwekea fokasi karibu. Weka f/1.8, piga kwa 1/500, kisha kwa 1/4000 ukipandisha ISO ili mwanga ulingane. Hapa ndipo peke yake unaruhusiwa kuigusa ISO. Linganisha viduara vya picha hizo mbili kwenye kila kamera.

Kuna mtego. R10 nayo hutoka kiwandani ikiwa imewekwa kwenye pazia la kwanza la umeme. Usipoingia kwenye menyu ukaibadilisha iwe shata ya chuma kamili, kamera zote mbili zitakata viduara vilevile, nawe utaondoka ukisema hakuna tofauti.

Mwenye R50 ana njia tatu za kukwepa. Afunge tundu hadi f/2.8 au f/4. Au afunge kichujio cha ND8, kinachopunguza mwanga kwa hatua tatu na kuishusha spidi kutoka 1/4000 hadi 1/500. Au ahamie shata ya umeme kamili. Hii ya mwisho ina adhabu yake: sensa za kamera hizi husomwa polepole, hivyo kinachokwenda mbio hupinda, na chini ya baadhi ya taa za LED picha hutoka na michirizi. Ijaribu papo hapo: iweke kamera kwenye shata ya umeme, izungushe haraka kutoka kushoto kwenda kulia huku ukipiga mlango au nguzo. Nguzo italala. Kisha elekeza kwenye taa ya LED na upige kwa 1/1000.

Mfululizo na kadi

Kwa namba, R10 hupiga picha 15 kwa sekunde kwa shata ya chuma na 23 kwa shata ya umeme. R50 hupiga 12 kwa pazia la kwanza la umeme na 15 kwa umeme kamili. Usizishangilie namba hizo mpaka ujue zinadumu muda gani. Weka RAW (faili ghafi la picha), spidi 1/500, kisha bonyeza bila kuachia kwa sekunde kumi ukisikiliza. Mlio ukibadilika kutoka mfululizo hadi kukohoakohoa, kumbukumbu ya muda imejaa. Achia, kisha hesabu sekunde hadi taa ya kuandika izime.

R50 itaanza kukohoa mapema zaidi, na haitakuwa kadi yako yenye kosa. Kumbukumbu yake ni finyu, na kipokea kadi chake ni cha UHS-I, ambacho kikomo chake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Kadi ya UHS-II ikiingia humo hufanya kazi, lakini kwa mwendo wa UHS-I; faida yake utaiona tu wakati wa kuhamishia picha kwenye kompyuta. R10 huitumia kadi hiyo kwa mwendo wake. Anayepiga mpira au ndege atafute R10, au akubali kupiga JPEG au C-RAW (RAW iliyobanwa), ambazo ni nyepesi na hukawiza kujaa. Zote mbili zina nafasi ya kadi moja tu, kwa hiyo nakala ya papo hapo haipo kwenye kamera yoyote kati ya hizi.

Flashi

Kama una flashi au triga (kiwashio cha flashi kwa mbali) ya zamani, ichukue uende nayo. Sehemu ya kupachikia juu ya R50 haina zile pini za kawaida za katikati, ina safu ya pini za kisasa pekee. Flashi ya kawaida itaingia, itakaza, na haitawaka, mpaka ununue adapta ya AD-E1. R10 ina pini za aina zote mbili. Kwa mtu wa studio, jambo hili moja linaweza kumaliza mjadala wote. R10 pia ina tundu la waya wa kupigia kwa mbali. Kwa R50 utategemea simu au rimoti ya Bluetooth.

Video

Kwa 4K ya fremu 30, zimelingana: zote hutumia upana wote wa sensa, zikipunguza kutoka 6K, na picha ni kali. R10 inaongeza 4K ya fremu 60, ila hapo hutumia sehemu ya katikati ya sensa tu, na picha hukuzwa mara 1.56. Fanya hesabu kabla hujafurahi. Lenzi ya 18mm kwenye APS-C ya Canon huzidishwa kwa 1.6 na kuona kama 28.8mm kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame), zidisha tena kwa 1.56, inakuwa karibu 45mm. Mtu anayejirekodi kwa urefu wa mkono wake atapata uso na masikio, basi. R50 haina kabisa 4K ya fremu 60.

Klipu moja ya R50 hukoma kwa saa 1, ya R10 kwa saa 2. Mrekodi mihadhara alizingatie hilo. Kuhusu kadi, 4K ya fremu 30 kwa mpangilio wa kawaida hula megabiti 120 kwa sekunde, yaani megabaiti 15, kwa hiyo kadi ya V30 inatosha na dakika 10 hula takribani gigabaiti 9. Fremu 60 kwenye R10 hufika megabiti 230, karibu megabaiti 29. V30 huahidi 30 tu, hivyo ni salama zaidi kuchukua V60.

Lenzi, ambayo ndiyo nusu ya uamuzi

Kwa kuwa bodi hazizuii mtikisiko, kazi hiyo ni ya lenzi yenye herufi IS. RF 50mm f/1.8 haina, lenzi nyingi za Sigma za mdomo wa RF kwa APS-C, zilizoanza kutoka 2024, kama 18-50mm f/2.8 na zile za f/1.4, nazo hazina. Ukipiga 50mm kwa mkono, usishuke chini ya 1/80, na 1/125 ni afadhali. Kwenye video utategemea kidhibiti cha kidijitali, ambacho nacho hukata picha.

Lenzi za EF na EF-S za kamera za zamani hufungwa kwa adapta ya EF-EOS R na hufanya kazi vizuri kwenye zote mbili. Lenzi za EF-M, za kamera za awali za Canon zisizo na kioo, hazifungiki kwa adapta yoyote ya Canon, hata muuzaji akikuapia.

Kama majaribio ya mikono, shata na flashi hayakukugusa, chukua R50 na uipeleke tofauti ya bei kwenye lenzi. Lenzi ya kifurushi, 18-45mm, huanzia f/4.5. Lenzi ya f/1.4 hupitisha mwanga mara kumi zaidi ya hapo: mahali ulipohitaji ISO 6400, 640 inatosha. R10 yenye lenzi ya kifurushi haiwezi kuifikia picha hiyo ndani ya ukumbi wenye giza. Ila kumbuka f/1.4 juani ndipo pazia la R50 linapokosea zaidi, kwa hiyo ukiifungia Sigma 30mm f/1.4, nunua na ND8 ya milimita 52 siku hiyohiyo.