Vito vya kuvaa baharini: namna ya kuchagua, kuvaa na kuosha

Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila lita. Wakati unaogelea, chumvi hiyo haina haraka. Kazi yake huanza ukishatoka: tone lililojificha nyuma ya hereni au ndani ya kifungio cha mkufu linakauka, chumvi inakolea, halafu usiku unyevu wa hewa ya pwani unailowesha tena. Metali huliwa katika hali hiyo. Ndiyo maana aliyeogelea kwa muda wa saa mbili akasuuza mkufu wake papo hapo hupata hasara ndogo kuliko aliyechovya miguu dakika kumi na kulala na kikuku chenye chumvi.

Tena, vito vingi vinavyoingia baharini haviozi, vinapotea. Kwa hiyo unapochagua, metali ni nusu ya shauri. Nusu nyingine ni kifungio.

Metali ipi

Dhahabu ya karati 22 (muhuri wake 916) na 21 (875), ambayo watu wengi wa pwani huipenda na kuletewa na ndugu kutoka Ghuba, hailiwi na maji ya chumvi. Udhaifu wake ni ulaini. Mchanga huikwaruza, na tundu la kifungio hupanuka kwa kusuguana hadi siku moja mkufu unateleza wenyewe. Dhahabu ya harusi au ya urithi wa bibi iacheni nyumbani. Kama ni lazima uvae dhahabu, karati 18 (750) inafaa zaidi kwa sababu ni ngumu na bado haibadiliki rangi. Karati 9 (375) zaidi ya nusu yake ni fedha, shaba na zinki. Hufifia, na ikikutana na klorini ya bwawa la hoteli hupata nyufa ndogo kwenye maungio na kwenye vikucha vinavyoshika jiwe. Tabia ya kutoka baharini na kujitosa kwenye bwawa na pete ile ile imewapotezea wengi mawe yao. Dhahabu nyeupe kwa kawaida hupakwa juu rodiamu, metali nyeupe inayong'aa. Mchanga ukiisugua, unjano hujitokeza na itabidi ipakwe upya.

Dhahabu ya kuchovya usiipeleke majini kabisa. Tabaka la juu mara nyingi halifiki hata mikroni moja, na lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Chumvi hupenya humo na kuanza kula shaba iliyo chini. Baada ya muda unaona malengelenge madogo, kisha kutu ya kijani shingoni na kwenye kola.

Kwa bajeti ya kawaida, stenlesi ndiyo tunayoipendekeza kwanza, lakini uliza namba yake. Aina ya 316L ina metali iitwayo molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia chumvi kutoboa vishimo. Aina ya 304 hupata madoa ya kutu ikivaliwa baharini mara kwa mara. Muuzaji asipojua namba, tumia sumaku: 316L haivutwi, au huvutwa kidogo mno, ingawa 304 nayo kwa kawaida ni hivyo hivyo, kwa hiyo sumaku haitenganishi hizo mbili. Kikivutwa kwa nguvu, ama ni stenlesi ya daraja jingine ama ni chuma kilichopakwa. Titaniamu ni bora kuliko zote kwa bahari, nyepesi na haina nikeli ya kuwasha ngozi, ila pete yake ni vigumu kupunguzwa au kuongezwa, kwa hiyo pima kidole vizuri kabla ya kununua.

Fedha ya 925 unaweza kuivaa ukikubali kuihudumia. Asilimia 7.5 iliyobaki humo kwa kawaida ni shaba, na itasawijika. Hilo halijaiharibu, husafishwa. Bangili za shaba tupu nazo hubadilika rangi siku ya kwanza.

Ukiwa na mashaka na kitu cha bei rahisi, kijaribu nyumbani. Koroga vijiko viwili vya mezani vya chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji. Tumbukiza nusu ya kito na nusu ibaki nje, kwa sababu metali huliwa zaidi pale maji yanapokutana na hewa. Kiache siku mbili, kitoe, kikauke bila kusuuzwa, halafu kifute kwa kitambaa cheupe. Rangi ya kijani au ya kahawia kwenye kitambaa inakupa jibu.

Kifungio na vipete

Shika mkufu karibu na jicho, mahali penye mwanga. Utaona kipete kidogo kinachounganisha mnyororo na kifungio. Kama kina mwanya, pitisha unywele. Ukipita, basi mvuto wa wimbi utakifungua. Mwambie sonara akichomelee. Hii ni kazi ya dakika chache, na hakuna matengenezo mengine yanayookoa mikufu mingi kiasi hicho.

Kifungio cha duara chenye kijiti kinachorudi kwa springi kina siri yake: hata mkufu ukiwa wa fedha au dhahabu, springi ya ndani mara nyingi ni ya chuma cha kawaida. Inashika kutu mahali usipopaona. Kijiti kikianza kurudi polepole au kubaki nusu wazi, badilisha kifungio chote. Kile chenye umbo la gando la kaa ni imara zaidi, hasa cha urefu wa milimita 10 na kuendelea. Kifungio cha kijiti kinachopitishwa kwenye kipete kikubwa huchomoka mnyororo ukilegea majini. Cha kuzungusha kama skrubu nacho hujifungua taratibu kwa mtikisiko.

Hereni za kuning'inia hunasa kwenye nywele, kwenye mtandio na kwenye ugwe wa miwani ya kuzamia. Vaa vipini vidogo vyenye skrubu nyuma, au vipete vya kipenyo cha milimita 8 hadi 12 vinavyofungwa kwa bawaba. Vile vizuizi vya plastiki vinavyosukumwa tu huteleza vikipata mafuta. Mkufu uwe mfupi, ukae juu ya mtulinga, na uwe mwembamba kiasi cha kukatika ukinaswa. Mkufu usiokatika ni hatari kwa shingo.

Pete na usalama

Maji ya pwani ya Afrika Mashariki ni ya uvuguvugu, lakini bado ni baridi kuliko mwili, na vidole husinyaa. Ongeza losheni ya jua au mafuta ya nazi, pete inateleza bila wewe kuhisi. Jaribu kabla ya kutoka: weka mkono kwenye maji baridi dakika tano, paka sabuni, ning'iniza mkono na uutikise. Pete ikivuka kifundo cha kidole, iache nyumbani.

Pete inayobana nayo ina hatari yake. Ikinasa kwenye ngazi ya boti au kwenye ndoano ya kamba huku uzito wa mwili ukivuta, huchuna ngozi na nyama ya kidole. Anayepanda boti avue pete zote, au avae ya silikoni ambayo hukatika kabla ya kidole kuumia. Kikuku usikivae mahali kama Paje au Jambiani, Unguja, penye kamba za mashamba ya mwani. Na ukienda kuzamia miambani, acha kila kinachometameta: mzia na samaki wengine wawindaji huweza kukidhania kuwa ni samaki mdogo. Kuumwa ni nadra, lakini meno ya mzia si ya kufanyia majaribio.

Tundu jipya lisiingie baharini. Ndewe ya sikio huhitaji wiki 6 hadi 8, pua miezi kadhaa, kitovu miezi 6 hadi mwaka. Maji ya bahari yenye joto yana bakteria, wakiwemo vibrio, wanaopita kwenye kidonda kibichi. Usiamini kwamba chumvi inaponya. Maji ya chumvi ya kusafishia kidonda huwa ni safi, ya bahari siyo.

Mawe, lulu na shanga

Adui wa jiwe ni mchanga, na mchanga haufanani kila mahali. Ule mweupe wa Paje au Nungwi umetokana hasa na matumbawe na makombe yaliyosagika, ni laini kiasi. Ule wa hudhurungi wa Malindi, unaoletwa na mto Sabaki, una chembe nyingi za kwatzi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, kwa hiyo kwatzi huweza kuikwaruza. Pia hupasuka kirahisi upande mmoja ikigongwa, na haipendi joto la ghafla, kama la kukaa juani kisha kuchovywa kwenye maji baridi. Yakuti na almasi zinastahimili, ila zitazibwa na losheni na kupoteza mng'ao. Zumaridi nyingi hujazwa mafuta ili kuficha nyufa, na sabuni huyatoa. Feruzi na baadhi ya opali hunywa maji na rangi yao huweza kubadilika.

Lulu huliwa na tindikali yoyote, hata ya jasho, na ikiwa imetungwa kwa hariri, uzi huvimba, hulegea na kuoza. Lulu ni ya kuvaa jioni baada ya kuoga, iwe ya dukani au zile nusu lulu za chaza zinazofugwa Fumba, Unguja.

Shanga za kioo ni rafiki wa bahari. Kinachoangusha shanga ni uzi. Uzi wa pamba huoza, mpira hulegea, mshipi wa kuvulia hukakamaa juani na kukatika ghafla. Tungia uzi wa poliesta uliosokotwa na kupakwa nta, na ufunge fundo kila baada ya shanga chache, ili uzi ukikatika usizikose zote. Hili ni muhimu zaidi kwa shanga za kiunoni, ambazo hazivuliwi na zinalowa kila siku. Zile zilizopakwa rangi au fedha kwa ndani huchujuka. Zichovye kwanza usiku kucha kwenye maji ya chumvi juu ya kitambaa cheupe. Mapambo ya Kimaasai yaliyotungwa kwa waya au kushonwa juu ya ngozi usiyaogelee, waya hushika kutu ndani kwa ndani. Mpingo huvimba na kupasuka.

Bangili au pete ya gamba la ng'amba (aina ya kasa) usinunue hata ukiambiwa ni ya zamani. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na utanyang'anywa uwanja wa ndege.

Baada ya kutoka majini

Losheni ipakwe robo saa kabla, mikono ifutwe, kisha vito vivaliwe. Ukitoka:

1. Suuza vito hapo hapo ufukweni kwa maji ya chupa, kabla havijakauka. Nusu glasi inatosha kwa mkufu na hereni.
2. Ukifika nyumbani, loweka dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo. Ziba tundu la sinki kwanza.
3. Sugua kwa mswaki laini wa mtoto, hasa nyuma ya jiwe, ndani ya kifungio na kati ya vipete. Fungua na kufunga kifungio mara kadhaa kikiwa majini ili chumvi itoke.
4. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya kunywa au ya mvua. Maji ya bomba sehemu nyingi za pwani hutoka visima vya magadi au chumvichumvi, na ukimalizia na hayo umeirudisha chumvi.
5. Kausha kwa kitambaa cha fulana ya pamba, kisha acha kivulini kwa muda wa saa tatu au nne. Weka kila kito kwenye mfuko wake wa kufunga, pamoja na kile kifuko cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya.

Dawa ya meno hukwaruza. Ndimu na ukwaju hung'arisha shaba kweli, lakini hula lulu, marijani na kombe. Dawa ya kufulia yenye klorini usiikaribishe kabisa.

Fedha iliyosawijika itandike kwenye bakuli lenye karatasi ya alumini, iguse alumini. Weka kijiko cha mezani cha baking soda na kijiko cha chai cha chumvi, mimina nusu lita ya maji ya moto sana. Baada ya dakika mbili hadi tano weusi unahama: alumini inaichukua salfa kutoka kwenye fedha, na harufu kama ya yai viza ni ya salfa hiyo. Njia hii si ya fedha yenye lulu, feruzi au nakshi zilizotiwa weusi makusudi.

Pete au mkufu ukidondoka majini

Simama, usikanyagekanyage. Dhahabu ya karati 18 ni nzito kuliko maji mara 15 hivi. Huzama wima na kujificha chini ya mchanga uliolegea, karibu na ulipo. Chukua alama kama wavuvi: tafuta vitu viwili nchi kavu vilivyolingana, mnazi mbele ya paa kwa mfano, kisha jozi nyingine ya upande wa pili. Mistari miwili inapokatana ndipo pa kutafuta. Kwa miwani ya kuzamia, pepea mchanga kwa kiganja, usichimbe, kwa sababu kuchimba huizamisha zaidi.

Usipoipata, ngoja maji yapwe, ndani ya muda wa saa 12 hivi au pungufu. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hushuka hadi karibu mita 4, na palipokufika kifuani huenda pakawa pakavu. Kama ilidondokea mwambani, waachie namba yako ya simu akina mama wanaochokoa pweza, kwani wao hupita hapo kila maji yakipwa na hukagua kila tundu.