Manyunyizo 43: kutengeneza mchezo wa simu wa Siku ya Upatanisho

Katika ibada zote za Hekalu la Yerusalemu, kazi ya kuhani mkuu Siku ya Upatanisho (Yom Kippur) ndiyo rahisi kuliko zote kugeuza mchezo, kwa sababu sheria zake zenyewe ni kali kama za mchezo: ukitanguliza tendo lililopaswa kufuata, ni kama hukufanya kitu. Mambo ya Walawi 16 itakupa fahali, mbuzi wawili na kura. Hesabu kamili ya kunyunyiza damu iko kwenye Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, kitabu cha Yoma, sura ya 5. Usiguse picha kabla hujaisoma.

Fungua Godot 4, programu ya kutengenezea michezo, na uchague mfumo wa kuchora unaoitwa Compatibility. Ile mingine miwili itakusumbua kwenye simu za bei ya chini zinazouzwa Luthuli Avenue.

Kisha andika jedwali la mistari 43, kila mstari ukitaja mahali, aina ya damu na upande. Patakatifu pa Patakatifu (chumba cha ndani kabisa, nyuma ya pazia), damu ya fahali: mara moja juu, mara saba chini. Damu ya mbuzi vivyo hivyo. Hiyo ni 16. Nje, mbele ya pazia, 16 tena kwa mpangilio uleule. Baadaye damu hizo mbili zinachanganywa, pembe nne za madhabahu ya dhahabu zinapakwa, na kumaliziwa kwa saba juu ya madhabahu. Hapo kwenye pembe wengi huchemka: wanamzungusha kuhani kama mshale wa saa. Mishna inaenda kinyume chake, kaskazini-mashariki, kaskazini-magharibi, kusini-magharibi, kusini-mashariki.

Sauti ya kuhesabu si moja hadi nane. Kuhani alihesabu “moja, moja na moja, moja na mbili”, hadi “moja na saba”, ili lile la juu lisichanganyike na yale ya chini. Rekodi vipande hivyo vinane tu, na usiweke namba kwenye skrini. Raundi ya kwanza mchezaji asikie hesabu. Ya pili mnyamazishe mhesabuji. Hapo ndipo kidole kitateleza hadi mara ya tisa.

Damu ikimwagika je? Utamu wa mchezo mzima uko hapa. Kauli ya kwanza ya Mishna inasema alete damu nyingine na aanze upya sehemu ile aliyokuwamo, lakini sehemu aliyokwisha kumaliza haiguswi. Rabi Eleazari na Rabi Shimoni wanasema aendelee pale alipoachia. Basi tayari una viwango viwili vya ugumu, na hukubuni hata kimoja: kigumu kinarudi mwanzo wa sehemu, chepesi kinarudi kwenye mstari uleule wa jedwali. Kumrudisha mchezaji kwenye mstari wa kwanza akiwa tayari mbele ya pazia ni kosa kwa kauli zote mbili.

Kuhani anapoingia na uvumba, damu ya fahali inabaki kwa mtu wa kuikoroga isigande. Weka bakuli kwenye kona ya chini, karibu na kidole gumba, lizungushwe kila sekunde kumi hivi. Kunyunyiza kwenyewe kuwe kwa kupitisha kidole kwenye skrini. Usitumie kihisi cha mtikisiko: matatu ikiruka tuta moja tu, simu inahesabu tone ambalo mchezaji hakulirusha.

Kuhani alilitamka Jina la Mungu siku hiyo. Wewe usilirekodi, maana Wayahudi hawalitamki. Weka kimya cha sekunde mbili na umati ukisujudu.

Zawadi ya kuingia kila siku nayo iondoe, au isimamishe Sabato. Myahudi anayeshika Sabato hagusi simu, kwa hiyo mfululizo wake utakatika kila wiki. Na usihesabu kutoka saa sita usiku. Siku yao huanza jua likizama, kama Waswahili wanavyohesabu, kwa hiyo Ijumaa jioni, Nairobi ikiwa bado kwenye foleni ya kurudi nyumbani, Sabato imeshaingia.

Mwisho, mpe mtu simu akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika chuma cha matatu. Akifika mstari wa 17 asitambue kwamba ametoka nje ya pazia, rudi ubadilishe mwanga wa chumba: ndani giza la moshi wa uvumba, nje taa za kinara.