Jinsi ya Kupata Vyanzo vya Kuaminika Kuhusu Mapigano ya Bunker Hill

Mapigano ya Bunker Hill, kati ya Wamarekani na Waingereza mwanzoni mwa vita vya uhuru wa Marekani, yalipiganwa tarehe 17 Juni 1775 katika rasi ya Charlestown, karibu na Boston, na sehemu kubwa ya damu ilimwagika juu ya kilima jirani cha Breed's Hill. Yameandikwa mno, kiasi kwamba kosa la mwandishi mmoja huendelea kunakiliwa na wengine kwa vizazi. Wanafunzi wangu wa historia nawaelekeza wafuate utaratibu huu.

Hatua ya 1. Tafuta kwa majina yote mawili, Bunker Hill na Charlestown, kwa kuwa watu wa wakati ule mara nyingi waliyataja kama mapigano ya Charlestown. Anza na tovuti ya Founders Online ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, kisha barua za familia ya Adams zilizoko Massachusetts Historical Society. Zote husomwa bila malipo.

Hatua ya 2. Kabla ya kukubali maelezo yoyote, andika pembeni mwandishi alikuwa wapi siku ile, aliandika lini na alimwandikia nani. Hapa usiharakishe. Kanali William Prescott, aliyeongoza Wamarekani ndani ya ngome ya udongo, alimwandikia mwanasiasa John Adams tarehe 25 Agosti 1775. Ni shahidi wa karibu kabisa, lakini pia ni kamanda anayeeleza kwa nini ngome yake ilitekwa. Taarifa ya Kamati ya Usalama ya Massachusetts, ya upande wa Wamarekani, ilitayarishwa ili isomwe Uingereza, na mchungaji Peter Thacher, aliyeiandika kwa sehemu kubwa, aliyatazama mapigano akiwa ng'ambo ya Mto Mystic. Jenerali Thomas Gage, kamanda wa Waingereza, naye alituma ripoti rasmi London tarehe 25 Juni, na kesho yake akamwandikia Lord Barrington, waziri wa vita wa Uingereza, barua ya faragha akikiri kwamba hasara waliyoipata ilikuwa kubwa kuliko walivyoweza kuhimili. Zisome barua hizo mbili kwa pamoja.

Hatua ya 3. Pima takwimu. Hesabu ya Waingereza, yaani 226 waliouawa na 828 waliojeruhiwa, ina uzito kwa sababu inamwumbua yule yule aliyeitoa. Idadi ya Wamarekani, takriban 450 pamoja na mateka, ichukue kama makadirio.

Hatua ya 4. Tenga ushuhuda uliochelewa. Chini ya sheria ya pensheni ya 1832, wazee waliapa mahakamani kuhusu vita vya miaka 57 iliyopita. Viapo vyao hufaa kwa majina ya vikosi na makapteni, si kwa maneno ya majenerali. Amri maarufu ya kutofyatua risasi mpaka uonekane weupe wa macho ya adui imetoka katika masimulizi ya baadaye, ambayo hayakubaliani hata kama aliyeitoa ni Jenerali Israel Putnam wa Wamarekani au Prescott.

Hatua ya 5. Fuata kila dai hadi kwenye waraka wenyewe. Mfano ni Salem Poor, mtu mweusi aliyekuwa amejinunulia uhuru wake. Tarehe 5 Desemba 1775 maafisa 14, Prescott akiwamo, waliliandikia bunge la Massachusetts kwamba alipigana Charlestown kama afisa mzoefu na askari hodari. Maelezo mengi ya leo huongeza kwamba ndiye aliyemwua Luteni Kanali James Abercrombie wa jeshi la Uingereza, ilhali waraka ule haumtaji Abercrombie, na watia saini wanasema kueleza mwenendo wa Poor kwa undani kungechosha. Katika daftari lako, sifa hiyo iandike pamoja na waraka wake, na habari ya Abercrombie uiweke kando kama simulizi la baadaye.