Bomba la feni lisielekee katikati ya tanuru
Sonara mwenzangu wa Tabora unayesafishia fedha kwenye tanuru la ndoo: toboa tundu la hewa pembeni, bomba liingie likiambaa ukuta wa ndani, chini kidogo ya kitako cha chungu. Moto utakizunguka chungu chote. Bomba likielekea katikati, upepo unapiga upande mmoja tu. Chungu kinapata ufa hapo huku ng'ambo ya pili fedha bado punje. Inayeyuka kwa nyuzi joto 962, na mkaa wetu wa miombo unafika bila taabu. Ila ukijaza chenga, hewa haipiti, hata bomba ulikunje vipi. Ukuta wa udongo mbichi nao uukaushe kwanza kwa moto mdogo, la sivyo unabanduka vipande.