Picha za polisi wa Kihindi: fuata hela, ngumi zitakuja zenyewe

Ukizitazama picha hizi kwa kusubiri ngumi tu, ukifika ya tatu utasema zote ni moja. Magari yanapaa, adui anarushwa dirishani, steringi anavaa miwani ya jua. Ngumi nazipenda, sikatai, ila macho yangu huwa kwenye hela: nani anatoa, nani anapokea, na ikishapokelewa inapanda mpaka kwa nani.

Mumbai hela hiyo huitwa hafta. Mwenye duka anailipa ili duka lisivunjwe. Mjenzi wa maghorofa hudaiwa mafungu makubwa, mara nyingi kwa simu, na bosi wa genge aliyeko ng'ambo.

Anza na Singham ya 2011, ya Rohit Shetty, maana haifichi kitu. Adui ni Jaikant Shikre (Prakash Raj), anayelikamua jimbo la Goa kwa utekaji na vitisho. Ukifika kwenye kituo cha polisi cha Shivgarh, kijijini kwa Singham, weka simu pembeni. Shikre yuko nje kwa dhamana na anatakiwa kuja kusaini, anamtuma mtu. Inspekta Bajirao Singham (Ajay Devgn) anagoma: aje mwenyewe. Anakuja, anasaini, anaondoka anachemka. Na akilipiza, hatumii bastola. Anamfanyia mpango wa uhamisho, na afande anajikuta Goa, mdomoni mwa mamba.

Uhamisho huo ndio wa kuuwinda katika kila picha ya aina hii. Jiulize nani ana uwezo wa kumng'oa afande kituoni kwake, kisha fuata hela uone kama haifiki kwenye meza ya mtu huyo huyo. Mara nyingi inafika, na mwenye meza amevaa nguo nyeupe za kisiasa.

Tafuta nakala yenye maandishi chini, si iliyowekewa sauti nyingine. Singham akipandwa na hasira anaruka kutoka Kihindi kwenda Kimarathi, lugha ya kwao, na ukikosa mruko huo umekosa nusu ya raha.

Halafu rudi nyuma kwenye Satya ya Ram Gopal Varma, iliyotoka Julai 1998. Kabla ya kubonyeza, kumbuka kwamba Agosti 12, 1997 Gulshan Kumar, mwenye kampuni ya muziki ya T-Series, alipigwa risasi na kuuawa Andheri, Mumbai. Watengenezaji wa picha nao walikuwa wakidaiwa hela na magenge, kwa hiyo vitisho unavyoviona humo havikutungwa kwa mbali. Safari hii kamera inakaa na genge, polisi wanakuja kutoka nje. Bhiku Mhatre wa Manoj Bajpayee utampenda, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Baada ya hapo Ab Tak Chhappan, 2004. Nana Patekar ni Sadhu Agashe, bingwa wa enkaunta, yaani polisi wanamuua mtuhumiwa kisha ripoti inasema yeye ndiye aliyeanza kufyatua. Kama kwenye Singham ulipiga makofi, hapa mikono itasita kidogo. Sikiliza sana simu zake na bosi wa genge aliyeko nje ya nchi. Wanaongea kama majirani. Akija kamishna mpya, anza tena kufuata hela.

Nyimbo? Ruka ukitaka, sitakusema.

Ardh Satya ya Govind Nihalani, 1983, iache ya mwisho. Ni ya zamani, inakwenda taratibu, na Om Puri hapaishi gari hata moja. Ukianza kuchoka, vumilia hadi pale Sub-Inspekta Velankar (Om Puri huyo huyo), akiwa na kesi shingoni, anapokwenda kwa miguu yake mwenyewe nyumbani kwa Rama Shetty, jambazi ambaye Velankar alikuwa akimwinda tangu mwanzo, kumwomba msaada.