Kabla Hujahamia Ujerumani, Jifunze Kwanza Kutupa Taka

Kila anayeondoka Mombasa kuja Ujerumani huniuliza habari za koti. Koti utanunua, tena la mtumba, na huku ndiko kwenye mitumba mizuri. La taka haliulizwi na mtu, na ndilo lililoniaibisha mimi mbele ya jumba zima.

Kwetu tumezoea gunia moja. Maganda ya viazi, nepi, kopo la maziwa, matumbo ya samaki, vyote humo humo, mpaka kijana wa mkokoteni apite. Ukishampa chake, habari imekwisha. Jaa la Kibarani, kabla halijafungwa, tulilijua kwa harufu tu, tukipita Makupa tumeziba pua. Huku taka zina mwenyewe hata baada ya kuzitupa, na mwenyewe ni wewe.

Siku ya kuingia nyumbani, kabla ya kufungua sanduku, shuka uyaone mapipa. Usikariri rangi ulizoambiwa na binamuyo aliye mji mwingine: pipa la mabaki ya chakula Berlin ni la kahawia, Hamburg ni la kijani. Karatasi kwa kawaida ni buluu. Makopo, chupa za shampuu na mifuko ya makaroni huenda kwenye pipa au mfuko wa manjano. Kilichobaki chote, nepi zikiwemo, ni Restmüll, pipa ambalo mara nyingi ni jeusi au kijivu. Kalenda ya kuzoa taka ya mtaa wako ibandike kwenye friji.

Sasa njoo kwenye pipa la mabaki ya chakula, na hapa ukae kitako unisikilize.

Mimi nilikuja na mbuzi yangu ya kukunia nazi ndani ya sanduku, nimeifunga kwa leso mbili. Nazi nilizipata duka la Waasia karibu na stesheni, ghali, ndogo, nyingine zimeshaoza, lakini wali wa tui la kopo umenishinda. Basi kila Jumamosi nakuna. Na huko madukani nikakuta kitu ambacho Kenya kimepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017: majuala ya plastiki. Yale mepesi ya kutilia matunda, yananing'inia bure, unachomoa tu. Kwetu faini ya juala inafika shilingi milioni 4, nami hapa napewa bwerere! Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikawa nayakusanya. Machicha ndani ya juala, mafundo mawili. Vifuu ndani ya juala, mafundo mawili. Pipani. Nikajisifu kwa usafi.

Siku ya kuzoa, mapipa ya mtaa mzima yakamwagwa, letu likaachwa na karatasi nyekundu imefungwa kwenye mshikio wake. Sikujua kuisoma, nikadhani ni tangazo. Ilikuwa Julai. Gari la pipa hilo katika mtaa wetu wa huku hupita kila baada ya wiki mbili, na lilipopita tena pipa limefurika, wakaliacha vile vile. Jua la Ulaya sisi watu wa Pwani hulidharau, ila machicha hayalidharau. Wiki ya tatu funza walikuwa wakitembea juu ya kifuniko, na bibi wa orofa ya kwanza, ambaye dirisha lake latazama uani, akawa halifungui tena.

Msimamizi wa jumba, ambaye wao humwita Hausmeister, akaja na glavu akalimwaga pipa lote juu ya turubai. Tuko familia tisa mle, na nusu yao walitoka kuangalia. Akapasua juala la kwanza: vifuu. La pili: machicha. La tatu: vifuu. Hakumuuliza mtu. Katika jumba lile ni nani mwingine wa kumaliza nazi sita kwa wiki? Akashika kifuu kimoja, akainua macho, moja kwa moja dirishani kwangu.

Nikashuka. Nilifungua majuala yale moja moja kwa mikono yangu, naye amesimama ananionyesha kwa kidole, machicha huku, plastiki kule. Hakunifokea. Heri angefoka. Gari likaitwa kwa safari ya ziada, na malipo yake yakaingia kwenye hesabu ya mwaka ya gharama za jumba, ile inayogawanywa kwa wapangaji wote. Familia tisa zikalipia machicha yangu. Kwa muda mrefu nilikuwa nasikiliza kwanza kama ngazi ziko kimya ndipo nitoke nje.

Yule bibi nilimpelekea mahamri. Aliyapokea, na siku ya pili akanigongea na mrundo wa magazeti ya zamani. Nikasema huyu ananifundisha Kijerumani. Kumbe ni ya kufungia taka.

Kwa hiyo: mabaki ya chakula ni gazeti au mfuko wa karatasi. Juala hata dogo usitie. Hata ile mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza yenyewe, miji mingi haiitaki pipani, na usibishane nayo.

Chupa nazo. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji yana Pfand, yaani amana, senti 25 kila moja. Unazirudisha kwenye mashine dukani, inakupa risiti, unamalizana na keshia. Chupa za vioo zinazojazwa tena ni senti 8 au 15. Usiikanyage chupa ya plastiki wala kuibandua karatasi yake, mashine haitaitambua. Mimi nimekanyaga pesa zangu mwenyewe miezi miwili nikiona natunza nafasi. Ukishindwa kuzirudisha, ziweke kando ya pipa la barabarani, zina wanaozipitia, kama vile kwetu wanavyookota za kuuza kwa kilo.

Vioo visivyo na amana, mitungi ya jamu na chupa za siki, hupelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi: vyeupe, kahawia, kijani. Cha buluu kitie kwenye kijani. Sahani na bilauri zilizovunjika hazimo humo, hizo ni Restmüll. Na Jumapili usiende kuvunja chupa huko, wala usiku. Saa zinazoruhusiwa zimeandikwa kwenye kontena lenyewe.

Samani usizitoe nje ukangoja zipate mtu. Kwetu mtaa wa Majengo, Mombasa, ukitoa kiti cha miguu mitatu, kabla hujarudi kufunga mlango kishachukuliwa. Huku kochi linaombewa siku ya kuchukuliwa, na ukilitupa tu barabarani waweza kupigwa faini. Sikwambii nimejuaje, nazi zatosha.

Mafuta ya bajia usimwage kwenye sinki. Yaache yapoe, yatie kwenye chupa uifunge, uitupe na Restmüll. Betri zirudishe madukani, masanduku yake yako karibu na mlango. Boksi likunje kabla ya kulitia pipani, majirani hawapendi kuona limejazwa hewa. Nakala za kitambulisho chako, barua za benki, chana kabla ya kutupa. Karatasi yoyote utakayoikuta imening'inia pipani isome siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa kutafsiriwa na simu. Na wiki za sikukuu, Krismasi na Pasaka hasa, gari la taka huenda likasogezwa siku moja mbele au nyuma, kwa hiyo kalenda iliyo kwenye friji itazame tena.