Damu ya kutafutia vinasaba vya saratani iliyosambaa: namna ya kuitunza

Uvimbe wa saratani humwaga vipande vya vinasaba vyake kwenye damu. Tukivisoma tunaweza kuona mabadiliko kama ya jeni la ESR1, yanayojitokeza kwenye saratani ya matiti iliyosambaa, bila kukata kinyama ini wala mapafu. Lakini vipande hivyo ni vichache mno. Seli nyeupe zikipasuka chupani, vinasaba vyake huvifunika.

Hatua ya 1: Kutoa damu. Tumia chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Ya kijani iache, ina heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, nayo huzuia PCR, kipimo kinachozidisha vinasaba ili visomeke. Geuza chupa taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise.

Hatua ya 2: Safari. Andika saa ya kuchoma sindano. Damu izungushwe kwenye mashine ndani ya saa 4 tangu kuchoma. Huku milimani hapa ndipo tunapokwama. Nilishapokea boksi kutoka Tukuyu, chupa zimelalia barafu tupu. Plazima, yaani maji ya damu yanayobaki juu baada ya kuzungusha, ilitoka nyekundu kama juisi ya ubuyu, wakati iliyo nzuri hufanana na mafuta ya alizeti. Nilimpigia simu mtoto wa mama aliyetolewa damu ile, na mama wa watu akapanda gari tena kuja Mbeya kuchomwa upya. Iliniuma sana. Sasa barafu naifunga kwa kitambaa kizito, na kwa walio mbali zaidi naagiza chupa zenye dawa ya kutunza seli, zinazokaa siku kadhaa bila barafu.

Hatua ya 3: Kuzungusha. Zungusha kwa g 1,600, dakika 10. Soma g, yaani nguvu ya mvuto wa mzunguko, si mizunguko kwa dakika, maana mashine hazilingani. Juu ya seli nyekundu utaona utando mweupe, mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa. Vuta plazima kuanzia juu, uishie nusu sentimita kabla ya utando. Tone la mwisho linatamanisha, liache. Hamishia chupa mpya, zungusha tena kwa g 16,000, dakika 10.

Utando usiutupe. Seli nyeupe nazo hupata mabadiliko yake kadiri mtu anavyozeeka, na bila kulinganisha unaweza kumbebesha mgonjwa mabadiliko yasiyo ya saratani yake.

Hatua ya 4: Kuhifadhi. Gawa mililita 1 kila kichupa, weka kwenye friza ya nyuzi -80. Kilichoyeyuka kisigandishwe tena. Andika namba ya mgonjwa, saa ya kuchoma na saa ya kuzungusha, kwa wino usiofutika kwa baridi.